Sakata la gemu likilipuka: namna ya kulisoma kabla hujashika upande

Katika ukoo wetu mimi ndiye shangazi anayecheza gemu. Nilianza kabla wapwa zangu wengi hawajazaliwa, ndiyo maana kila gemu inapotukanwa mtandaoni swali huletwa kwangu: "Shangazi, hii tunaisusia au tunanunua?" Swali huja na picha ya skrini yenye duara jekundu, mara nyingi bila jina la gemu wala tarehe. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya mwenyewe. Upande wa kushika sitakuchagulia. Wapo wapwa ambao katika siasa hatuelewani kabisa, na bado njia hii inatufaa sote, maana inaanza na kujua tunagombania nini hasa.

Fungua furushi

Sakata la gemu karibu kila mara huwa ni malalamiko kadhaa yaliyofungwa katika furushi moja na kupewa jina moja. La kweli humbeba la uongo mgongoni, na la uongo humchafua mwenzake. Chukua karatasi. Andika kila lalamiko kwa sentensi moja: nani kafanya nini, na kinaonekana wapi ndani ya gemu. "Wameharibu historia" haitoshi, kwa sababu huwezi kuithibitisha wala kuikanusha. "Mhusika fulani hakuwahi kuwepo" inatosha, kwa kuwa unaweza kwenda kuangalia.

Nichukue Assassin's Creed Shadows ya Ubisoft, ambayo niliifuatilia tangu trela ilipotoka Mei 2024 hadi gemu ilipoingia sokoni tarehe 20 Machi 2025. Kwa mbali ulionekana ugomvi mmoja: gemu inayosimulia Japani ya karne ya 16, mmoja wa wahusika wake wakuu wawili ni Yasuke, mtu mweusi, na watu wamekasirika. Kwenye karatasi yangu yalitoka malalamiko manne, na kila moja lilikuwa na wenyewe.

La kwanza lilisema Yasuke ni wa kubuni. Hilo ni uongo, na halichukui muda kulikanusha. Yasuke alifika Japani mwaka 1579 akifuatana na Mjesuiti Alessandro Valignano, akaingia katika utumishi wa mtawala Oda Nobunaga mwaka 1581, na alikuwa bado anamtumikia Nobunaga alipopinduliwa na kufa mwaka 1582. Maandishi ya zamani yanasema alipewa nyumba, posho na upanga mfupi. Mjesuiti mmoja aliyeandika mwaka 1627 alisema kwao ni Msumbiji, na hapo wapwa zangu wote huinua vichwa.

La pili lilisema alikuwepo, sawa, ila hakuwa samurai. Hili si uongo wala si ukweli uliofungwa. Ni mjadala wa wanahistoria kuhusu cheo hicho kilikuwa na maana gani wakati huo na nani alihesabiwa ndani yake. Ubisoft wenyewe, katika ujumbe wao wa Julai 2024 kwa Wajapani, walikubali kwamba namna Yasuke anavyochorwa ni jambo la mjadala. Hapo naandika "mjadala" pembeni na kuendelea. Kelele za mtandaoni haziwezi kuumaliza, na wala sina haja nao ili kuamua kama gemu nitaicheza.

La tatu lilihusu bendera. Kikundi cha Sekigahara, huko Japani, kinachoigiza vita vya zamani vya bunduki kilikuta bendera yake imetumika katika michoro ya awali ya gemu bila ruhusa. Hilo lilikuwa kweli, na Ubisoft waliomba radhi. Katika fungu hilohilo naweka sanamu ndogo ya kuuza iliyoonyesha lango la hekalu lenye nguzo moja, linalofanana na lile la Nagasaki lililobaki limesimama kwa mguu mmoja baada ya bomu la atomiki la mwaka 1945. Mtengenezaji wa sanamu aliomba radhi na kuiondoa. Angalia kwamba hakuna lolote kati ya haya mawili linalohusu rangi ya ngozi ya mtu. Ila nje ya Japani, upande mmoja uliyaokota kama fimbo ya kumpigia Yasuke, na upande mwingine ukayatupa kwa kudhani kila anayelalamika ni mbaguzi. Wenye bendera yao wakasahaulika katikati.

La nne lilihusu mahekalu. Ndani ya gemu lipo hekalu halisi la Himeji, na mchezaji aliweza kuvunja vitu vilivyomo. Tarehe 19 Machi 2025, siku moja kabla ya gemu kutoka, mbunge Hiroyuki Kada alilipeleka jambo hilo katika Bunge la Japani na Waziri Mkuu Shigeru Ishiba akajibu. Vichwa vya habari vya nje vikapaza sauti kwamba waziri mkuu kaishambulia gemu. Ukisoma majibu yake, alikuwa anajibu hoja pana zaidi: watu kuharibu mahekalu halisi, heshima kwa imani na utamaduni, na kwamba suala la kisheria lingezungumzwa na wizara zinazohusika. Wakati huohuo sasisho la siku ya kwanza la gemu lilifanya meza na rafu za ndani ya mahekalu zisivunjike tena.

Kwa hiyo: moja uongo, moja mjadala, moja kweli na limeombewa radhi, moja limerekebishwa kwa sehemu. Anayeniuliza baada ya hapo kama niko upande wa Ubisoft au wa wapinzani namwambia achague kwanza namba.

Njia hiyohiyo inaokoa muda hata kwa masakata yaliyopoa. Battlefield V ilipotangazwa Mei 2018 ikiwa na mwanamke vitani, wako waliosema hakuna wanawake waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Uongo: mdunguaji wa Kisovyeti Lyudmila Pavlichenko peke yake anahesabiwa kuua maadui 309. Wako pia waliosema mwanamke mwenye mkono wa bandia akipigana bega kwa bega na askari wa Uingereza si picha ya vita vile. Hilo ni dai lingine kabisa, na Pavlichenko halijibu. Walionijia na jina lake kama kete ya mwisho walikuwa wamejibu swali ambalo nusu ya waliokasirika hawakuliuliza.

Tazama picha imetoka wapi na lini

Hapa sitakaa sana, lakini usiruke. Picha ya skrini inaweza kutoka kwenye trela, kwenye toleo la majaribio, kwenye gemu iliyokamilika, au kwenye modi, yaani mabadiliko ya gemu yaliyotengenezwa na mchezaji chumbani kwake. Agosti 2022 tovuti ya Nexus Mods iliondoa modi ya Spider-Man iliyofuta bendera za upinde wa mvua na kuweka za Marekani. Mshangao ni kwamba vifaa vya modi hiyo vilitoka ndani ya gemu yenyewe: toleo lililouzwa Mashariki ya Kati tayari lilikuwa halina bendera hizo. Watu wawili wangeweza kubishana usiku kucha kuhusu picha moja na wote wakawa wamecheza gemu halali.

Kwa hiyo kabla ya lolote, tafuta video ndefu isiyokatwa ya mtu akicheza sehemu hiyo, itazame dakika kadhaa kabla na baada ya tukio, kisha angalia tarehe ya video na namba ya toleo. Kama huipati sehemu hiyo kwenye video yoyote ndefu, usiisambaze picha.

Hatua ya gemu nayo ina uzito. Resident Evil 5 ilianza kulaumiwa kwa trela ya mwaka 2007, Mzungu akipiga risasi Waafrika kijijini, ilhali gemu ilitoka Machi 2009. Kati ya hapo Capcom waliendelea kuionyesha, na tukamwona Sheva Alomar, mwenzake Mwafrika. Mtu aliyehukumu trela hakukosea kuhukumu trela. Ila ukiirudia hukumu ile miaka miwili baadaye lazima uwe umetazama kitu kingine zaidi ya trela.

Na hapa nina neno kwa wasomaji wa Kiswahili hasa. Adui wa gemu ile, wanaoitwa Majini, wanapiga kelele kwa Kiswahili katika mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju. Wakosoaji wengi waliosikika duniani hawakuelewa hata neno moja la kelele zile. Wewe unaelewa. Unaposikiliza unajua hapohapo nani ametamka kama mzaliwa na nani amesomewa karatasi, na unajua mtu wa kijiji cha namna ile angeongea hivyo au la. Huo ni ushahidi ambao mwandishi wa Tokyo au New York hana, na ungeleta faida kuliko kurudia maneno yake. Likitokea sakata lenye kitu unachokijua kwa masikio yako, anzia hapo.

Nani ameguswa, na nani anapita njia

Swali hili nalipenda kuliko mengine kwa sababu majibu yake hunishangaza. Usidhani jamii moja ina sauti moja.

Oktoba 2008 Sony walirudisha kutoka madukani nakala za LittleBigPlanet siku chache kabla ya uzinduzi, kwa kuwa wimbo mmoja ndani yake ulikuwa na maneno yaliyomo katika Qurani. Mchezaji Muislamu alikuwa ameeleza kwamba kuchanganya maneno hayo na muziki kunawaumiza Waislamu. Sasa, mwenye wimbo ni nani? Toumani Diabaté, bingwa wa kora, ala ya nyuzi ya Mali, naye Muislamu, aliyesema baadaye kwamba katika mila yao ni kawaida kupiga muziki kwa kuongozwa na maneno ya dini. Wako pia Waislamu wa Marekani waliowalaumu Sony kwa kuuondoa. Mtu anayesema "Waislamu walikasirika" kasema kweli robo, na anayesema "Waislamu hawakujali" robo nyingine.

Linganisha na Novemba 2021, Call of Duty: Vanguard ilipoonyesha kurasa za Qurani zimetupwa sakafuni zikiwa na damu. Pale sikuona mgawanyiko wa aina ile. Activision waliziondoa na kuomba radhi kwa Waislamu, kwa Kiarabu. Dini moja, masakata mawili, uzito tofauti. Ukiwa na tabia ya kuyapima yote kwa kipimo kimoja, ama utapuuza la pili ama utalikuza la kwanza.

Mfano mzito zaidi ni Six Days in Fallujah, gemu kuhusu vita vya Fallujah, Iraq, mwishoni mwa 2004. Ilitangazwa 2009, na Aprili mwaka huohuo kampuni ya Konami iliyokuwa iichapishe ikajitoa. Mwaka 2021 ikafufuliwa na Highwire Games na Victura. CAIR, baraza linalotetea haki za Waislamu wa Marekani, lilizitaka Microsoft, Sony na Valve (wenye duka la Steam) zisiiuze. Ilianza kuuzwa ikiwa bado inajengwa Juni 2023. Hapa karatasi yangu ina safu za watu: Wairaki waliokuwa mjini, jamaa za waliokufa, wanajeshi wa Marekani waliopigana na baadhi yao kuchangia simulizi zao, halafu kundi kubwa la watu kama mimi ambao vita vile tuliviona kwenye televisheni tu. Nasoma kwanza safu tatu za juu. Mwiraki akisema mchezo umemgusa, simjibu kwa hoja ya uhuru wa sanaa kabla sijamaliza kumsikiliza. Mwanajeshi akisema anataka kisa chake kisimuliwe, vilevile. Hoja za safu ya mwisho, yangu ikiwemo, zinaweza kusubiri, na nyingi zikisubiri kidogo hufa zenyewe.

Safu hizo zinakusaidia pia kuona mtu anapobadili gari. Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, inayosimulia Bohemia ya 1403, ilipigwa na watu wa mrengo mmoja kwa kutokuwa na watu weusi. Ya pili, iliyotoka tarehe 4 Februari 2025, ina Musa, msomi kutoka Mali, na uwezekano wa mhusika mkuu kupendana na mwanamume mwenzake ukitaka. Safari hii waliopiga kelele ni wa mrengo wa upande wa pili, baadhi yao wakiwa walewale walioitetea ya kwanza. Studio ni ileile, Warhorse, na nchi ni ileile. Ukiona hasira imegeuka hivyo, jua sehemu kubwa ya mzigo haikuwa ndani ya gemu.

Kusoma alama kwenye Steam

Wapwa hupenda kunitumia alama: "Ona, watu wote wanaichukia." Alama peke yake haisemi kitu mpaka uifungue, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wametupa zana za kuifungua, bure, ila wengi hawazigusi.

Shuka hadi sehemu ya maoni ya wateja kwenye ukurasa wa gemu. Utaona grafu. Kama kuna siku ambazo nguzo nyekundu imeshuka ghafla kama kisima, bofya hapohapo kwenye nguzo, utaletewa maoni ya siku hizo tu. Sasa soma kumi au ishirini, usisome mia. Angalia saa za kucheza zilizoandikwa kando ya kila moja. Mtu aliyecheza saa 0.2 anaweza kuwa na haki ya kulalamikia sera ya kampuni, ila hana habari ya hadithi inaishaje. Kisha tumia vichujio: badilisha lugha. Sakata likiwa la kweli kwa watu wa nchi moja, utaona maoni ya lugha hiyo yamegeuka na mengine yametulia.

Hivyo ndivyo Devotion ilivyoonekana. Ni gemu ya kutisha ya Red Candle Games wa Taiwan, ilitoka tarehe 19 Februari 2019. Siku chache baadaye wachezaji waligundua ndani yake karatasi ukutani iliyomfananisha Rais Xi Jinping wa China na Winnie the Pooh, dubu wa katuni. Mafuriko ya maoni mabaya yaliandikwa kwa Kichina, na sababu waliyoitaja ni karatasi ile, si mchezo. Watengenezaji waliomba radhi, wakaibadilisha, na tarehe 25 Februari wakaiondoa gemu Steam. Ukiangalia alama tu ungedhani ni gemu mbovu. Ni miongoni mwa gemu za kutisha bora nilizowahi kucheza, na sasa wanaiuza kwenye tovuti yao wenyewe.

Tangu Machi 2019 Valve huweza kutia alama kipindi cha maoni kuwa nje ya mada, na maoni hayo hayahesabiwi katika alama ya jumla. Ukiona nyota ndogo kando ya alama, au onyo kwenye grafu, ndiyo maana yake. Unaweza kuyarudisha katika hesabu kwa mipangilio yako. Mimi nayarudisha kila mara, kwa sababu "nje ya mada" ni uamuzi wa muuzaji na napenda kuona mwenyewe.

Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakosoaji na za wachezaji, ni rahisi zaidi kuchezewa. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020, nayo ni gemu ya saa ishirini na ushee. Sifuri zilimiminika siku hiyohiyo, kabla mtu yeyote wa kawaida hajaweza kuimaliza. Mwezi uliofuata Metacritic waliweka muda wa kusubiri wa saa 36 kabla ya watumiaji kutoa alama. Kwangu kanuni ni moja: alama za saa za kwanza nazihesabu kama kura ya siasa, za wiki ya tatu ndiyo maoni kuhusu gemu.

Lakini usiingie mkumbo wa pili, ule wa kudhani kila mafuriko ya alama mbaya ni uhuni. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Maoni mabaya yalipita laki mbili. Ukiyasoma, sababu ilikuwa wazi na nzito: huduma hiyo haipo katika nchi nyingi, na kwa Afrika karibu bara zima. Watu walikuwa wamelipia gemu ambayo ingewafungia mlango. Gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kisha baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu sharti la akaunti. Hayo yalikuwa mafuriko, na yalikuwa na haki. Kinachotofautisha ni kilichoandikwa ndani, hivyo hakuna njia ya mkato, lazima usome.

Taarifa ya kampuni

Isome mara mbili. Mara ya pili tafuta mambo matatu: wamekubali nini kwa jina, wamebadilisha nini kinachoonekana, na nini hawajakitaja.

Oktoba 2019 mchezaji wa Hearthstone, gemu ya karata ya kampuni ya Blizzard, kutoka Hong Kong, anayejulikana kama Blitzchung, alitoa kauli ya kuunga mkono waandamanaji wa Hong Kong katika mahojiano baada ya mechi. Blizzard walimfungia mwaka mmoja na kumnyima zawadi. Dunia ikawaka, na maseneta wa Marekani wa vyama viwili vinavyopingana, Ron Wyden na Marco Rubio, wakawalaumu kwa pamoja. Siku chache baadaye kifungo kikapunguzwa hadi miezi sita na zawadi ikarudishwa, pamoja na maelezo kwamba uhusiano wao na China haukuathiri uamuzi. Novemba, kwenye BlizzCon, tamasha la kampuni hiyo, rais wa kampuni J. Allen Brack akaomba radhi jukwaani. Kwa karatasi yangu: wamekubali kwamba walifanya haraka, wamebadilisha urefu wa adhabu, hawajataja kwamba adhabu inabaki. Wengi waliona radhi wakadhani kifungo kimefutwa. Hakikufutwa.

Tarajia pia kampuni kujipinga yenyewe, na weka tarehe. Februari 2021 mkuu wa Victura, Peter Tamte, alisema katika mahojiano kwamba Six Days in Fallujah haikulenga kutoa maoni ya kisiasa. Mwezi uliofuata kampuni hiyohiyo ikatoa taarifa kwamba matukio ya gemu hayatenganishiki na siasa. Bila tarehe, watu wawili wanaweza kunukuu kauli zote mbili na kuitana waongo.

Na kuna taarifa fupi zinazosema mengi. Tarehe 16 Desemba 2020 duka la GOG lilitangaza kwamba litauza Devotion, na siku hiyohiyo likajitoa kwa maelezo kwamba limepokea ujumbe mwingi kutoka kwa wachezaji. Wachezaji gani, wa wapi, walisema nini? Hakuna. Taarifa ya namna hiyo naiandikia "haijajibu" na siitumii kama ushahidi wa chochote, hata kama nadhani najua jibu.

Mauzo hayakuambii nani alikuwa na haki

Hili nalipitia upesi. Hogwarts Legacy ilisusiwa na watu wengi Februari 2023 kwa sababu ya misimamo ya J.K. Rowling, mwandishi wa vitabu vya Harry Potter ambavyo gemu imetoka humo, kuhusu watu waliobadili jinsia; ikauza nakala milioni 12 katika wiki mbili za kwanza. Battlefield V iliuza milioni 7.3 hadi mwisho wa 2018, na wachapishaji wake EA wakasema ni pungufu ya matarajio kwa karibu milioni moja. Kila upande una gemu yake ya kuonyesha kwamba soko limewapa haki. Gemu huuza au hushindwa kwa bei, kwa washindani wa mwezi ule, kwa hitilafu, kwa jina. Ukisusia, susia kwa sababu pesa ni zako na hutaki ziende huko. Sababu hiyo haihitaji namba ya mtu.

Ukiamua kusema

Sasa umefika kwenye msimamo na unataka kuutoa. Nina masharti mawili kwa wapwa zangu, na siyalegezi.

Usimtaje mfanyakazi. Katika gemu kubwa mtu unayemwona usoni mara nyingi hakuamua kitu. Laura Bailey, aliyeigiza sauti ya Abby katika The Last of Us Part II, alitumiwa vitisho vya kuuawa kwa matendo ya mhusika ambaye hakumwandika yeye. Mchoraji, mtafsiri, anayejibu ujumbe kwenye ukurasa wa kampuni, wote hao wana majina yanayopatikana kirahisi na hakuna hata mmoja anayeweza kubadilisha gemu kwa sababu umemtukana. Peleka lalamiko kwa kampuni, au kwa duka. Ukikutana na mtu anasambaza anwani au namba ya mtu, ripoti na uondoke hapo, hata kama anatetea jambo unaloliamini.

La pili, andika kuhusu namba uliyochagua tu. Kama lalamiko lako ni meza za hekalu, usimalizie na neno kuhusu Yasuke kwa sababu wenzako watashangilia. Kila dai la ziada linampa anayekupinga mahali rahisi pa kushika, na atashika hapo. Taja sehemu ya gemu, toleo, na unataka nini kifanyike: kuondolewa, kubadilishwa, kuombwa radhi, kuelezwa. Ubisoft waliweza kurekebisha meza kwa sababu kulikuwa na meza za kurekebisha.

Kama ulishanunua na dhamiri imekataa, usiishie kuandika kwa hasira huku gemu ikibaki kwenye maktaba yako. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Saa hizo huhesabiwa hata ukiwa umeiacha gemu wazi kwenye menyu na kwenda kubishana mtandaoni, kwa hiyo ifunge kwanza. Na kama sehemu inayokukera iko mbali na mwanzo, usiifukuzie kwa saa zako mwenyewe, itazame kwenye video ya aliyeifikia.